Seoul 1988, mita 100 chali: aliyevunja rekodi kwenye mchujo na aliyeondoka na dhahabu

Chali100 (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna mbio moja ya kuogelea ambayo nimeitazama mara nyingi kuliko fainali yoyote ya mpira. Nafundisha watoto kuogelea hapa Dar, wengi wao wa miaka saba hadi kumi na tatu, na kila kundi jipya nalionyesha mbio hiyo siku tunapoanza mtindo wa chali. Nimekuwa nikijiahidi kuiandikia uzi. Leo mvua ya radi imetutoa bwawani mapema, kwa hiyo nimekaa niandike.

Ni fainali ya mita 100 chali ya wanaume, Olimpiki ya Seoul, tarehe 24 Septemba 1988.

Tarehe hiyo wengi mnaijua kwa mita 100 nyingine. Ndiyo siku Ben Johnson alipokimbia kwa sekunde 9.79, halafu siku tatu baadaye akanyang'anywa dhahabu. Huku kwetu nako masikio yalikuwa redioni kwa majirani zetu Wakenya: Ereng, Rono, Ngugi na Kariuki uwanjani, Wangila ulingoni. Ya bwawani yalipita kimya. Nami nasema bila kusitasita kwamba siku ile, kwenye maji, lilitokea jambo lililobadilisha mchezo mzima hadi leo.

Kwa wasioujua mtindo huu: chali ndio mtindo pekee ambao muogeleaji haruki kutoka juu ya jukwaa. Anaanzia majini, mikono imeshika vishikio, nyayo ziko ukutani, magoti yamekunjwa kifuani. Mlio ukitoka anajirusha kinyumenyume, mgongo unajipinda kama upinde, anaingia majini kwa vidole vya mikono kwanza. Kawaida ya miaka ile ilikuwa ukishaingia, unateleza kidogo, unaibuka, unaanza kuzungusha mikono.

David Berkoff hakuibuka.

Huyu alikuwa Mmarekani, mwanafunzi wa Harvard, hakuwa na umbo la kutisha ukimlinganisha na waliosimama karibu yake. Yeye na kocha wake Joe Bernal waliijenga mbio yote juu ya wazo moja: abaki chini. Mikono imenyooshwa juu ya kichwa, kiganja juu ya kiganja, miguu miwili imeshikana, kiuno kinapiga kama mkia wa pomboo, na yuko hivyo amelala chali chini ya maji kwa karibu mita 35. Bwawa lina mita 50. Yaani urefu wa kwanza anauogelea juu ya maji mita 15 tu. Watangazaji wa kwao wakaupa jina la Berkoff Blastoff.

Mwezi Julai mwaka huohuo rekodi ya dunia ilikuwa ya Igor Polyansky wa Umoja wa Kisovieti, 55.00 kamili. Agosti, kwenye mashindano ya kuchagua timu ya Marekani kule Austin, Texas, Berkoff akaogelea 54.95, kisha 54.91. Binadamu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 55. Akafika Seoul, na kwenye mchujo akapiga 54.51.

Kwenye mchujo huo Mjapani Daichi Suzuki alikuwa wa tatu kwa 55.90. Pengo la sekunde 1.39. Kwa kasi yao ile, hizo ni kama mita mbili na nusu. Kwenye mita 100, mtu aliyekuacha mita mbili na nusu humfikii kwa kuomba dua.

Nakula kwanza, narudi na fainali.

Bahari_Njema

Mkuu tupo tunasubiri, usituache hewani.

Mimi ni mzaliwa wa Kizimkazi, pomboo nimewaona tangu sijajua kusoma. Umenikumbusha kitu. Pomboo akitaka kwenda mbali haogelei juu juu, anazama na anapotelea, ukimwona tena yuko mbele ya ngalawa. Hata wale wanaoruka, wakirudi majini ndipo wanapokwenda kasi. Ila sijawahi kujua kwa nini chini kuwe na kasi kuliko juu. Maji si ni yaleyale?

Chali100

Bahari_Njema, swali lako ndilo roho ya uzi huu, naomba nilijibu kabla ya fainali.

Muogeleaji akiwa juu anasukuma mawimbi. Kichwa na mabega yanafanya wimbi mbele, na lile wimbi linakula nguvu yake. Umewahi kuona boti ikienda kasi inavyonyanyua maji puani? Yale maji yaliyonyanyuliwa ni nguvu ya injini iliyopotea. Ukizama kiasi cha nusu mita na zaidi, huna wimbi la kutengeneza. Kinachobaki ni maji yanayopita ubavuni, na ukinyooka vizuri hayo yanakukwaza kidogo sana.

La pili, kwenye chali mtu hana kasi kubwa kuliko ile anayoipata akijisukuma ukutani. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuizalisha katikati ya bwawa. Kwa hiyo swali la muogeleaji ni moja: kasi hii niliyopewa na ukuta niitunze muda gani kabla sijaibuka? Ukichelewa kuibuka imeisha na umebaki unatapatapa bila pumzi. Ukiwahi, umeitupa. Berkoff aliona kwamba akiwa na teke zuri la pomboo anaweza kuitunza zaidi ya mita 30.

Na ugumu wake msiuchukulie poa. Mtu aliyelala chali chini ya maji anaingiwa na maji puani. Lazima apulize hewa kidogo kidogo kupitia pua muda wote, la sivyo yanapanda hadi nyuma ya macho, na aliyewahi kupaliwa hivyo anajua maumivu yake. Kwa hiyo siyo tu kwamba hapumui, hata ile hewa aliyonayo anaitoa. Halafu akiibuka anatakiwa azungushe mikono kwa nguvu zote mita 65 zilizobaki, miguu ikiwa imeshaanza kuwaka moto.

Sasa fainali.

Berkoff alikuwa njia ya nne, Polyansky ya tano, Suzuki ya tatu. Yaani Suzuki bega kwa bega na Berkoff.

Suzuki naye alikuwa mtu wa chini ya maji. Wajapani teke lile wanaliita basaro, kwa jina la Jesse Vassallo, muogeleaji wa Marekani mzaliwa wa Puerto Rico aliyelitumia kabla yao. Kwenye mchujo Suzuki alipiga mateke 21 akaibuka. Kocha wake naye anaitwa Suzuki, Yoji Suzuki, si ndugu yake. Wawili hawa wakaamua kwamba kwenye fainali atapiga 27 na kuibuka karibu mita 30.

Mateke sita. Wakuu, fikirini uzito wa uamuzi huo. Ni fainali ya Olimpiki, mpangilio wako umeuzoea mwilini, na unaongeza mateke sita ya kukaa bila hewa siku ileile, saa chache baada ya mchujo. Mimi naamini shabaha ilikuwa Berkoff mwenyewe. Berkoff alizoea kuibuka na kukuta kushoto na kulia hakuna mtu. Safari hii aliibuka akamkuta mtu.

Mlio unatoka, wote nane wanapotea. Kwenye televisheni unaona bwawa tupu, maji yametulia kama hakuna mashindano. Vichwa vya kwanza vinaibuka nyuma, mikono inaanza kuzunguka, ukiwa mgeni unadhani hao ndio wanaoongoza. Kisha, mbele yao kabisa, kinatoka kichwa cha Suzuki na baada yake cha Berkoff. Kwenye ukuta wa mita 50 Berkoff bado yuko mbele. Miaka hiyo ilikuwa lazima uguse ukuta kwa mkono ukiwa chali ndipo ugeuke, kwa hiyo wanagusa, wanajizungusha, wanarudi.

Urefu wa pili ni wa mikono. Polyansky, mwenye mikono bora kuliko wote wale, anakuja. Suzuki anakuja. Mita kumi za mwisho hakuna anayejua. Wote watatu wanarusha mkono nyuma kutafuta ukuta wasiouona.

Suzuki 55.05. Berkoff 55.18. Polyansky 55.20.

Nimepiga hesabu mara nyingi: sekunde 0.13 kwa kasi ile ni kama sentimita 24. Shubiri moja ya mtu mzima na kidole cha ziada. Na kati ya Berkoff na Polyansky ni chini ya sentimita nne.

Japani ilikuwa haijapata dhahabu ya kuogelea tangu Munich 1972.

Kijana wa Nyali

Kaka hii imenisisimua sana, naisoma nikiwa kwa daladala ya kurudi nyumbani, nimepitisha stegi yangu.

Niongeze kwamba Seoul hiyohiyo ndiyo Anthony Nesty wa Suriname alimpiga Matt Biondi kwa mita 100 kipepeo, 53.00 kwa 53.01. Mwanamume mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya kuogelea kwenye Olimpiki. Sehemu moja ya mia ya sekunde! Bwawa lile la Seoul lilikuwa na mambo.

NahodhaMstaafu

Vijana, nimewasoma kwa makini. Mwalimu umeandika vizuri, lakini mimi nina neno.

Mashindano yanaitwa ya kuogelea chali. Mtu anayepita chini ya maji theluthi nzima ya safari, huyo amepiga mbizi. Mbizi ni kazi nyingine na ina heshima yake. Babu zangu walipiga mbizi kutafuta lulu na majongoo ya bahari, na hakuna aliyesema wanaogelea. Kwa maoni yangu wote wawili, Mmarekani na Mjapani, walishinda kwa mchezo mwingine. Mrusi ndiye aliyeogelea chali. Kwangu Polyansky ndiye bingwa.

Chali100

Mzee wangu Nahodha, shikamoo.

Hoja yako ni nzito, na wenye mchezo walikuwa na hoja kama yako. Baada ya Seoul shirikisho la kimataifa, FINA wakati huo, liliweka mpaka: mita 10 tu chini ya maji baada ya kuanza na baada ya kugeuka. Mwaka 1991 wakaona 10 ni kubana mno, wakasogeza hadi 15. Mita 15 ndizo zipo mpaka leo, na utaziona zimewekewa alama ya rangi kwenye kamba za njia. Kichwa kisipokuwa kimetoka hapo, umefutwa. Mwaka 1998 mpaka huo ukapelekwa kwenye kipepeo na mtindo huru pia.

Lakini kumvua Suzuki ubingwa sikubali, mzee wangu. Sheria ya siku ile ilidai jambo moja, ubaki chali. Haikusema ukae juu. Berkoff hakuficha kitu, dunia nzima ilimwona Austin mwezi mmoja kabla. Na Polyansky hakuondoka mikono mitupu: mita 200 chali aliichukua yeye, 1:59.37, kwa sababu kwenye 200 mbizi ile haiwezekani kuirudia ukuta hadi ukuta. Mtindo ulijipima wenyewe.

Ninachokubaliana na wewe ni kwamba mpaka ulihitajika. Bila mpaka, leo tungekuwa tunatazama maji matupu dakika nzima. Kumi ilitokana na hofu. Kumi na tano ni haki: anayejua kutumia ukuta anapata faida yake, na asiyejua kuogelea juu hawezi kujificha.

NahodhaMstaafu

Marahaba mwanangu. Mita 15 naziafiki. Kuhusu Polyansky nabaki nilipo.

Mdau wa Kandokando

Chali100, mimi napingana na wewe kwenye sehemu moja. Unasema Suzuki alishinda kwa mateke sita. Ukitazama muda, Suzuki wa fainali aliogelea 55.05. Berkoff wa mchujo alikuwa 54.51. Kama Berkoff angerudia alichokifanya saa chache nyuma, Suzuki angepigwa hata akiongeza mateke kumi. Kwa hiyo mbio hii Berkoff aliipoteza mwenyewe. Alimaliza nguvu kwenye mchujo, mahali ambapo hakukuwa na medali. Ni kosa la hesabu tu.

Chali100

Mdau, nimekaa na hoja hii miaka mingi na nimewahi kuiamini kabisa. Sasa naiamini nusu.

Ni kweli Seoul hakukuwa na nusu fainali. Mchujo, kisha fainali, siku moja. Mtu aliyekaa chini mita 35 kwa kasi ya rekodi ya dunia anadaiwa na mwili wake. Hilo nakupa.

Lakini kwa nini alishuka hadi 55.18? Sekunde 0.67 ni nyingi kwa uchovu peke yake kwa kijana aliyeandaliwa kwa siku hiyo. Baadaye kwenye mashindano hayohayo alifungua mbio za kupokezana za mitindo minne, akampokeza Schroeder, kisha Biondi na Jacobs, na Marekani ikachukua dhahabu kwa rekodi ya dunia, 3:36.93. Mwili ulikuwepo. Fainali ile ilikuwa na kitu ambacho mchujo haukuwa nacho, na kitu hicho kilikuwa njia ya tatu.

Chini ya maji unamwona jirani. Watu husahau hilo. Amelala chali lakini macho yako wazi, kivuli cha mwenzako unakiona pembeni. Huenda Berkoff alijua Suzuki aliibukia wapi kwenye mchujo. Kwenye fainali pale palipopita na kivuli bado kipo, sijui mtu mwingine yeyote angebaki na utulivu wake wote.

Ndiyo maana nawaonyesha watoto. Berkoff alileta silaha. Suzuki hakubuni kitu, alichukua silaha ileile akaipima upya kwa siku moja, dhidi ya mtu mmoja.

MamaWawili

Samahani wakubwa kwa kuingilia. Nina mtoto wa kiume, miaka kumi, anaogelea. Tangu aone video za hawa wanaokaa chini ya maji, nyumbani ni kushindana kubana pumzi na dada yake. Wiki iliyopita nimemkuta kwenye bwawa la hoteli tuliyofikia anavuta pumzi haraka haraka mara nyingi, halafu anazama. Akaniambia mama nafanya mita 15. Mwili ulinisisimka ingawa sikujua hasa kwa nini. Mwalimu, hili ni sawa?

Chali100

Mama Wawili, si sawa, na moyo wako ulikuambia kweli. Naomba kila mzazi aliyemo humu asome hapa.

Kinachotufanya tutamani kuvuta hewa si kupungua kwa oksijeni, ni kuongezeka kwa hewa chafu ya kaboni mwilini. Mtoto akipumua haraka haraka kabla ya kuzama, anaifukuza ile kaboni. Haongezi oksijeni ya maana. Anachofanya ni kuizima kengele. Akiwa chini oksijeni inaisha, kengele hailii, na anazimia bila kuhisi kwamba yuko hatarini. Hapigi kelele, hatapitapi. Aliye juu anadhani mtoto anafanya mazoezi.

Wanakufa hivyo hata waogeleaji hodari, kwenye mabwawa ya kina kifupi.

Kwa hiyo kwangu sheria ni hizi na hazina mjadala. Hakuna kupumua haraka haraka kabla ya kuzama, pumzi ni moja ya kawaida. Hakuna mashindano ya kubana pumzi, iwe bwawani au kwenye beseni. Hakuna teke la pomboo bila mtu mzima aliyesimama ukingoni anayemwangalia yeye tu, asiye na simu mkononi. Watoto wa umri wa mwanao mimi huwapa mateke matano, sita, waibuke. Mita 15 ni ruhusa ya juu kabisa ya sheria kwa watu wazima waliokomaa. Mtoto wa miaka kumi hazimhusu.

Mwambie pia kitu hiki, watoto wanakisikia: mateke sita yaliyonyooka yanampita mtoto mwenye mateke kumi na tano yaliyopinda. Aanze na kunyooka.

MamaWawili

Asante sana mwalimu. Nimemwita nikamsomea sauti ya juu, na baba yake pia amesoma. Mchezo wa kubana pumzi umekwisha humu ndani leo hii.

Bahari_Njema

Nami nimewasomea wa kwangu. Sisi wa pwani tunajiona maji ni yetu, haya hatufundishwi.

Mkuu, hao wawili waliishia wapi?

Chali100

Berkoff alirudi Barcelona 1992, chini ya sheria mpya iliyokuja kwa sababu yake, mita 15 na kugeuka bila kugusa kwa mkono. Walisema bila mbizi yake hana kitu. Akachukua shaba kwa 54.78. Naiheshimu shaba ile kuliko fedha yake ya Seoul. Walimnyang'anya mita 20 za silaha yake na bado alipanda jukwaani.

Dhahabu ya Barcelona ni hadithi nyingine kabisa. Mark Tewksbury wa Kanada, aliyekuwa wa tano Seoul, alimfikia Jeff Rouse wa Marekani kwenye mkono wa mwisho, 53.98 kwa 54.04. Rouse aliingia akiwa na rekodi ya dunia. Kisha Rouse huyohuyo akafungua mbio za kupokezana akaogelea 53.86, rekodi mpya, iliyokaa hadi 1999! Angeogelea hivyo kwenye fainali yake angekuwa bingwa. Alisubiri miaka minne, akaichukua Atlanta 1996.

Suzuki mwaka 2015 aliteuliwa kuwa kamishna wa kwanza wa Wakala wa Michezo wa Japani.

Kijana wa Nyali

Na Afrika je? Kwa chali tuna mtu, ama ni kuangalia wenzetu tu?

Mdau wa Kandokando

Tunaye! Pieter Coetze wa Afrika Kusini. Mashindano ya dunia, Singapore, 2025. Mita 100 chali, 51.85, dhahabu. Nyuma yake Thomas Ceccon wa Italia kwa 51.90, bingwa wa Olimpiki ya Paris huyo na mwenye rekodi ya dunia ya 51.60 aliyoiweka Budapest 2022. Wa tatu Mfaransa Yohann Ndoye-Brouard kwa 51.92. Watatu ndani ya sekunde 0.07. Ukiona hivyo, Seoul walikuwa wameachana.

Na kabla yake kulikuwa na Gerhard Zandberg, Afrika Kusini pia, bingwa wa dunia wa mita 50 chali Melbourne 2007.

Chali100

Mdau umenitangulia, nilikuwa namweka Coetze mwishoni. Itazameni mbio ile ya Singapore pamoja na ya Seoul, moja baada ya nyingine. Mtaona wote nane wanaibuka karibu mstari mmoja, pale kwenye alama ya 15. Alichokuwa nacho Berkoff peke yake mwaka 1988, leo ni mali ya kila aliyeko fainali. Tofauti imehamia kwenye ubora wa yale mateke machache, kwenye kugeuka, na kwenye mguso wa mwisho.

Mguso wa mwisho kwenye chali ndio ninaoufundisha kwa muda mrefu kuliko kitu kingine, na ndio unaowatesa watoto. Huoni ukuta. Mwongozo wako ni kamba ya bendera iliyoning'inizwa juu ya maji, mita tano kabla ya ukuta. Bendera zikipita juu ya macho yako unaanza kuhesabu mikono. Kila mtu ana hesabu yake. Ukihesabu pungufu unafika umelegeza, unateleza, mwenzako anakupita. Ukizidisha unagonga kichwa ukutani, na maumivu hayo yanamfanya mtoto aogope kwa wiki tatu. Nina msichana mmoja anaogelea vizuri ajabu, lakini akifika bendera anageuza shingo kuangalia nyuma. Kila akigeuza, kiuno kinazama na kasi inakufa. Hilo analifanya kwa sababu bwawa tunalolitumia halikuwa na bendera kwa mwaka mzima, alijifunza bila bendera. Niliziomba hadi nikachoka, mwishowe wazazi wakashona wenyewe vipande vya kanga wakafunga kwenye kamba ya manila.

Mama Wawili, mwanao ana hesabu yake?

NahodhaMstaafu

Bendera za kanga! Mwalimu, kama mnahitaji kamba nzuri isiyooza kwa maji na jua, nitumie ujumbe pembeni. Ninayo bunda zima limekaa stoo.

Chali100

Mzee wangu, nimekutumia ujumbe sasa hivi. Mungu akubariki.

MamaWawili

Mwalimu, sikujua hata kama kuna hesabu. Jumamosi nilimuuliza kocha wake naye akamfundisha palepale. Mara ya kwanza alisimama katikati. Mara ya pili akagonga vidole. Leo asubuhi nimekaa ukingoni, simu iko kwenye mkoba, nimemwangalia yeye tu kama ulivyosema. Bendera zilipompita akaanza kuhesabu kwa sauti, maji yakimwingia mdomoni, nimemsikia mpaka nilipokaa: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, akagusa. Hakugeuza shingo.

Ni sita.